Zamu ya Bi Mkubwa

Wanawake walioolewa uke wenza wana mengi ya kusimulia, na mengi ni ubaya waliotendewa. Mimi sina hadithi hiyo. Mke mwenzangu hakunitilia kitu chakulani, hakunisema kisimani, wala hakumfundisha mtoto wake kunitukana. Alinipenda. Angenichukia, ningekuwa mtu mwenye usingizi mzuri mpaka leo.

Tena ndiye aliyenichumbia. Nikiwaambia wajukuu zangu hivyo wanadhani natia chumvi, lakini kwetu jambo hilo lilikuwapo. Alikuja mwenyewe Nyangamara kwa mama yangu, na kuku mkononi na mfuko wa korosho kichwani, akaketi mkekani akaeleza shida yake. Mumewe ni mtu mtaratibu, mikorosho imewazidi, yeye amezaa mpaka amechoka, anataka mdogo wake wa kusaidiana naye. Mama yangu alimsaili kama hakimu, naye akajibu yote bila kukasirika. Mwisho akaomba maji ya kunywa, akaomba niyalete mimi. Alikunywa macho yake yakiwa usoni kwangu, kikombe kikaisha hana habari. Nilidhani anatafuta kama nina kengeza.

Basi nikaolewa upande wa Kiswere. Mbele za watu nilimwita Bi Mkubwa kama walivyomwita wote, tukiwa wawili nilimwita Dada. Yeye aliniita mdogo wangu mahali popote, hata mbele ya shehe.

Siku zile za mwanzo kila mmoja alikuwa na nyumba yake kwenye mikorosho yake, na kati yetu ulikuwa mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa. Mume wetu alikuwa na zamu kwake na zamu kwangu, na hakuna aliyeona mwenzake anavyoamka. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Kila nilipofika kwake nilimkuta ameshanawa, ameshajifunga, ameshapaka wanja. Nilimjua akiwa tayari tu, naye alinijua hivyo hivyo.

Kisha tukahamia kijijini. Waliokuwapo wanakumbuka, na wasiokuwapo wamesimuliwa: watu wote watoke mashambani wakae pamoja barabarani, kwa mistari, ili shule iwe karibu na zahanati iwe karibu. Kijana aliyekuwa anapima viwanja alikuwa na kamba na vigingi na haraka nyingi. Mume wetu akamweleza kwa adabu kwamba yeye ana wake wawili. Kijana akamjibu kwamba kaya ni moja, na kaya moja kiwanja kimoja, kama ana wake kumi watabanana. Tukajenga nyumba moja ya miti na udongo, ukumbi katikati, chumba cha Bi Mkubwa kushoto na changu kulia, milango inatazamana. Ua mmoja, jiko moja, choo kimoja.

Hapo ndipo tulipoanza kuonana asubuhi. Mimi nilikuwa mtoto wa juzi. Nilikuwa naamka uso umenyooka kama nilivyolala nao. Yeye alikuwa anatoka chumbani na alama ya ukili wa mkeka shavuni, na alama ile ilikuwa haiondoki mpaka jua limepanda. Mashavuni alikuwa na madoa meusi ya uzazi, yale yanayokuja na mimba na mengine hayaondoki, na pembeni mwa mdomo mikunjo miwili imeshuka. Nasema hivi na najihisi msengenyaji, maana hakuwa mzee. Umri aliokuwa nao wakati ule mimi nimeupita zamani. Lakini ukisimamisha kitu karibu na kingine watu hawawezi kujizuia kulinganisha, na sisi tulikuwa tumesimamishwa na serikali.

Siku moja alipita bwana afya kukagua vyoo. Mume wetu alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana, anatupa mchanga juu. Bwana afya akamsalimu Bi Mkubwa kwa heshima zote, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba. Halafu akanigeukia mimi akitabasamu.

"Dada, una bahati. Mama amekuja kukusaidia kuhama?"

Hakukuwa na ubaya moyoni mwake, maskini. Bi Mkubwa hakumpa hata nafasi ya kusahihishwa.

"Ndiyo, baba," akasema, "nimekuja kumsaidia mwanangu. Unajua watoto wa siku hizi, hata kukanda udongo hawajui."

Akacheka. Mume wetu, alivyosikia mkewe anacheka, akacheka naye kutoka shimoni. Nikacheka na mimi, na nakumbuka vizuri kwamba kicheko changu kiliendelea wakati vyao vimeshakwisha. Ningeweza kusema, "Huyu ni mke mwenzangu." Ni maneno mepesi. Badala yake nilikwenda kumletea bwana afya kiti, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikia raha.

Tangu siku ile kioo cha mume wetu cha kunyolea ndevu kikahama kutoka msumari wa ukumbini kikaenda chumba cha kushoto. Hakuna aliyeuliza. Bi Mkubwa akaagizia liwa, ule mti wa manukato wa kujisinga, kutoka Kivinje kwa jamaa yake, akawa anaisaga kwenye jiwe na kuchanganya na manjano, anajipaka uso mzima, anatembea uani kama mwari aliyetoka unyagoni. Watoto wake walimcheka. Alikuwa anawaambia ni dawa ya harara. Alikuwa anasinga vizuri, liwa nzuri, yenye harufu nzuri, na akinawa madoa yanakuwa palepale.

Kijiji kilikuwa kimeanzisha mradi wa kubangua korosho, na kazi hiyo ikawa ya akina mama. Tulikuwa tunakaa nyuma ya ghala. Wengine wanakaanga kwenye debe lililotobolewa, wengine tunagonga maganda kwa jiwe. Asiyejua korosho ajue kwamba ganda lake lina mafuta meusi yanayounguza kuliko pilipili. Tulikuwa tunajipaka majivu mikononi tusiungue, na tulikuwa tunaungua vilevile. Moshi wake hautamaniki. Lakini hapo nyuma ya ghala ndipo tulipocheka kuliko mahali pengine popote kijijini, kwa sababu wanaume walikuwa hawaji, wanaogopa moshi.

Palikuwa na mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa yaya wa watoto wa Kizungu. Siku hiyo akaleta habari.

"Mimi nimeona kwa macho yangu," akasema. "Yule mama wa Kizungu alikwenda kwao ana mashavu yameingia ndani. Karudi yamejaa kama ya mtoto anyonyaye. Mpishi akaniambia kachomwa sindano."

"Sindano ya shavuni?"

"Ya shavuni. Hapa na hapa."

"Toba! Anaumwa nini?"

"Haumwi. Uzee."

Mawe yote yakanyamaza. Mke wa shehe akasema hayo ni kumrekebisha Mungu kazi yake, na mwenye kumrekebisha Mungu atamkuta. Mwingine, aliyekuwa ananyonyesha, akasema kama zahanati yetu ingekuwa na sindano hiyo yeye angehamia mlangoni na mkeka wake, Mungu angemsamehe kwa sababu anamjua mumewe. Mwingine akasema sindano ni ya homa, na uso hauna homa. Palikuwa pia na bibi mmoja wa Kimakonde, amechanjwa nembo usoni toka kipaji mpaka kidevu. Yeye akatema mate pembeni akasema:

"Mie uso wangu walinchora nikiwa nwali. Hayo makunyanzi yakija yanakuta viwanja vimeshagawiwa."

Tulicheka mpaka korosho zikaungua. Bi Mkubwa alicheka kuliko wote, akampiga bibi wa watu mgongoni. Halafu, vicheko vilipopungua, akamuuliza yule yaya polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Na ikishachomwa, inakaa muda gani?"

Yaya hakujua. Mazungumzo yakahamia kwingine, mimi nikabaki namtazama Bi Mkubwa anavyogonga korosho moja iliyokwisha vunjika.

Msimu ulipoisha mikono yetu ikaanza kubambuka. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Ngozi iliyoungua inakauka, inakuwa nyeusi kama ya kenge, halafu inatoka vipande vipande. Chini yake inatokea ngozi mpya, laini, ya rangi ya maji ya kunde. Tulikuwa tumekaa uani tunabanduana, ananibandua nami nambandua, kazi ambayo ukiianza huwezi kuiacha. Akakishika kiganja changu akakipitisha shavuni kwake.

"Mikono ya mtoto mchanga," akasema. Kisha akatazama yake. "Na yangu vilevile. Tazama. Mikono imekuwa ya mwari, uso umebaki wa bibi yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikajua hatanii.

Alinijia mchana wa siku iliyofuata. Mume wetu alikuwa shamba la kijiji, watoto shuleni, uani kuku tu. Alikuwa na kopo la mafuta ya maganda, yale yanayochuruzika chini ya debe, na unyoya wa kuku. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaning'iniza kioo kwenye mlango wa jiko. Akasema anataka kupaka mashavuni, kidogo tu, juu ya madoa, lakini mkono wake unatetemeka na anaogopa kugusa jicho. Mimi nina mkono uliotulia.

"Dada, hii inaunguza," nikasema.

"Hata mikono iliungua. Imekuwaje?"

"Uso si mkono."

"Ngozi ni ngozi."

"Dada, nakuomba. Tusifanye."

Akanisogezea unyoya. Alipofungua mdomo hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyechoka.

"Mdogo wangu, kwa nini? Hutaki na mimi nipendeze?"

Nimelifikiri swali lile maisha yangu yote. Alilitega au lilimtoka tu, sijui. Lakini hakuna mke mdogo duniani anayeweza kulijibu. Nikisema hapana, sipaki, basi ninalinda uzuri wangu, nataka niwe peke yangu. Nikisema unapendeza hivyo ulivyo, ninamdanganya mtu anayejitazama kwenye kioo. Waliotuzunguka walikuwa wanangoja tu kuniona nikimfanyia ubaya. Kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wanamwambia kila siku mbele yangu, kwa utani. Mimi nilikuwa nataka sana kuwa nguo isiyo na kitu. Nikauchukua unyoya.

Aliye mwema kweli angekataa akakubali kusingiziwa. Mimi nilipaka ili nisisemwe. Tena nilijifanya mjanja: kabla ya kupaka niliinuka na kopo kwenda kuosha unyoya, nikamimina mafuta ya nazi ndani yake bila kumwambia, nikidhani napunguza ukali. Mpaka leo sielewi kama nazi ile ndiyo iliyomwokoa macho au ndiyo iliyoyatandaza yale mafuta mpaka taya. Nimeuliza watu wenye kujua, kila mmoja ananijibu lake.

Hakupiga kelele. Alishika kibao kwa mikono miwili akasema, "Inapanda." Nikamnawisha kwa maji, nikamnawisha kwa majivu, maji yalikuwa kama yanachochea. Kabla wanaume hawajarudi kutoka shambani, uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijitundu viwili. Akanishika mkono.

"Sema debe limenirukia," akasema. "Tulikuwa tunakaanga za nyumbani, debe limeniripukia. Ukisema vingine sikuachii radhi."

Nikasema hivyo. Nilimwambia mume wetu, nikamwambia balozi wa nyumba kumi, nikamwambia dresa wa zahanati, na kila nilipokuwa nasimulia, uongo ule ulikuwa unanona. Nikaongeza cheche, nikaongeza kuku aliyelipiga debe teke. Dresa akaandaa sindano ya penisilini. Bi Mkubwa, midomo imefura kama andazi, akaninong'oneza:

"Hii ndiyo ile ya mashavu?"

Nilicheka huku nalia, dresa akanifukuza nje.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alisimama akasema kuna mama miongoni mwetu ameungua katika kazi ya kubangua, kazi ya kujenga taifa, na wavivu wamtazame waone haya. Watu wakapiga makofi. Akapewa kanga mpya na sabuni kutoka duka la kijiji. Bi Mkubwa alipokea amejifunika mpaka puani, mabega yanatikisika, na wanawake walidhani analia. Mimi nilimjua, alikuwa anacheka. Aliporudi kuketi akanibana paja kwa vidole viwili. Ningeweza kumpenda mtu yule bila kikomo, kama ningekuwa na nafasi ya kumpenda tu.

Kila asubuhi nilimpaka mafuta ya nyonyo. Watu wengine wote aliwaficha uso, hata watoto wake wa kuzaa, hata mume wetu. Mimi alikuwa ananifunulia. Alikuwa anakaa kwenye kibao kilekile, anashusha kanga, ananiinulia uso kama mtoto anayenawishwa, na mimi namtazama kwa karibu nilichokifanya. Hakuna adhabu niliyopewa na mtu yeyote iliyoifikia ile.

Ngozi ikabanduka. Na sasa niseme jambo ambalo wengi hawatalisadiki: kwa muda fulani alipendeza. Chini palitoka uso mpya, umeng'aa, hauna doa wala mkunjo. Akafungua kanga akatoka barabarani. Watu walisimama. Mume wetu alikuwa anamtazama wakati wa kula mpaka tonge linapoa mkononi, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye sahani yangu nasikia kitu kinanikwaruza kifuani. Nilijiambia ni furaha. Haikuwa furaha. Wanawake wawili walinijia faragha, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka kujua debe lile lilimrukiaje hasa. Nikawaambia ni bahati ya Mungu, wasijaribu, na wakaondoka wamenuna, wakiamini ninawabania.

Halafu jua likafanya kazi yake. Madoa yalirudi, na safari hii hayakuja mashavuni peke yake. Yalishuka mpaka taya, meusi kuliko mwanzo, kama masizi ya sufuria, na penye kidonda kirefu pakaachwa kovu lililouvuta mdomo upande mmoja. Nilikuwa nayaona yakija kila asubuhi kabla hajayaona yeye. Siku moja akakiondoa kioo chumbani, akakirudisha mwenyewe kwenye msumari wa ukumbini, akasema baba watoto anajikata akinyoa ndevu.

Mume wetu hakubadilika. Nataka hilo lijulikane, maana wasikilizaji hupenda mwanaume ndiye awe mbaya. Aliingia chumba cha kushoto siku za kushoto na cha kulia siku za kulia. Alikuwa anaogopa sana yale tuliyofundishwa, kwamba asiyefanya uadilifu baina ya wake zake atafufuliwa upande wake mmoja umepooza. Ila alikuwa anamtazama Bi Mkubwa kwa huruma, na huruma si kitu cha kuingia nacho chumbani kwa mwanamke.

Bi Mkubwa ndiye aliyeanza. Ilipofika zamu yake akaniambia nichukue mimi, yeye kichwa kinamwuma. Nikakataa kwa nguvu. Zamu nyingine akasema mtoto ana homa, atalala naye. Nikakataa, lakini nilimwuliza kwanza homa ya mtoto imeanza lini. Ikaja nyingine, akasema amechoka tu. Nilikwenda kuteka maji, na niliporudi mambo yakawa yamejipanga yenyewe. Nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake asubuhi najifanya natafuta kuku.

Mume wetu ndiye aliyesema haiwezekani kwenda hivi. Katika sheria yetu mke ana haki ya kumwachia mwenzake zamu yake, lakini iwe kwa hiari, na yeye hakutaka siku ya mwisho aulizwe akakosa shahidi. Akamwita shehe na akamwita balozi, tukaketi ukumbini baada ya sala ya alasiri.

Niseme nilivyojiandaa, maana nilijiandaa kweli. Wiki ile nzima nikitwanga nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa nimekusudia kukataa mbele ya wote. Ningesema: huyu ni dada yangu, ndiye aliyenileta katika nyumba hii, sitakula haki yake hata akinilisha kwa mkono. Ningesema na habari ya unyoya ikibidi, na ile radhi yake anisamehe. Kama nikikataa, zamu zinabaki zake, na yeye anabaki mke ndani ya nyumba ile. Nikikubali, anakuwa mama wa watoto anayepewa chakula. Nilikuwa najua hivyo, na yeye alikuwa anajua, tena nadhani alikuwa ananisubiri. Mtu anaweza kutoa kitu akiwa na matumaini makubwa kwamba kitarudishwa.

Shehe akamwuliza yeye kwanza. Akajibu wazi, sauti imetulia, kwamba anamwachia mdogo wake zamu zake zote kwa hiari yake, hakushurutishwa na mtu. Alikuwa amejifunika usoni kwa ajili ya wageni, lakini upande ulioelekea kwangu kanga alikuwa ameiachia, kama ilivyokuwa desturi yetu wawili, kovu lote naliona.

Shehe akanigeukia mimi.

"Na wewe, binti, umesikia maneno ya mwenzako. Je, unakubali kuzipokea zamu zake, au una—"

"Nimekubali," nikasema.

Hakuwa amemaliza. Balozi alininyanyulia macho. Maneno yangu yote ya wiki nzima yalikuwa yapo, nilikuwa nayo mdomoni, na likatangulia kutoka hilo moja, upesi, kama mtoto anayeogopa kitu kisije kikapewa mwingine. Shehe akasema basi, alhamdulillahi, mambo yamekuwa mepesi. Mume wetu akatazama mkeka.

Bi Mkubwa alinitazama kidogo tu. Halafu akainua mkono, akaivuta kanga upande wa kwangu, akaifunika.

Tuliishi nyumba ile pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukalea watoto wake na wangu kwa jungu moja, na aliendelea kuniita mdogo wangu. Kesho yake asubuhi baada ya kikao kile nilimpelekea mafuta ya nyonyo, kama kawaida. Alinishukuru, akayapokea mlangoni, akasema siku hizi anaweza kujipaka mwenyewe.